Msimu Marudio Yalipofutwa

Ninyi vijana mnaonisimamisha sokoni Kamembe, na hata mlangoni mwa kanisa, kuniuliza kazi ya kutafsiri mpira hufunzwa wapi, jibu langu ni fupi: haifunzwi popote, na sioni sababu ya kuanza kuifunza leo. Nitawaeleza ninachokijua kwa kuwa mmeomba kwa adabu. Lakini mfahamu tangu sasa kwamba nawaeleza habari za kitu kilichokwisha. Televisheni za siku hizi zina Kiswahili chake ndani, kilichotiwa na watu wa Pwani. Unabonyeza kitufe, mtangazaji Mwingereza ananyamaza. Asiyetaka ukumbi wa kutazamia mpira ana simu mfukoni. Anayetaka maikrofoni yangu ataipata kwa mwenye ukumbi, kabatini, na sidhani atapata wa kumsikiliza.

Kwa asiyewahi kuingia mle, kazi ilikuwa hivi. Palikuwa na kioo kikubwa cha televisheni ukutani, mabenchi ya mbao, wachuuzi waliovuka mpaka kutoka Bukavu, waendesha moto, yaani pikipiki za abiria, wa Gashonga na Giheke, na mtangazaji anayesema kwa kasi katika lugha ambayo karibu hakuna aliyeielewa. Mimi nilisimama ubavuni mwa kioo na kuyageuza maneno yake kuwa Kiswahili. Mapadri walionisomesha ng'ambo ya mto wa mpakani walinifunza Kilatini kabla ya Kiingereza, na walitudai tuichambue kila sentensi: kiima kiko wapi, kitenzi kiko wapi, nani anamtenda nani. Sijui elimu nyingine iliyonifaa zaidi mbele ya mpira wa kona.

Hata hivyo, aliyenifanya mtafsiri si padri. Ni Mzee Anaclet wa Giheke, ambaye kwa miaka mingi alisimama kando ya wahubiri wa kigeni na kuyapeleka mahubiri yao kwa waumini. Yeye ndiye aliyeniambia kwamba mtafsiri akae nusu sentensi nyuma, asizidi wala asipungue. Ukikaa karibu mno, utalazimika kubahatisha mwisho wa sentensi. Ukikaa mbali mno, bao litaingia nawe ungali unaeleza pasi. Alijifunza hilo kwa aibu. Siku moja mhubiri aliinua mkono juu, na Mzee, kwa haraka yake, akatangaza: "Tusimame, tupokee baraka." Kanisa zima likasimama. Mhubiri alikuwa anamfukuza nyigu. Ikabidi abariki, naye nyigu akamuuma.

Mkumbuke pia kwamba Waingereza hawamaanishi wanachokisema. Kipa asiporuhusu bao, wao husema ameweka shuka safi. Mwenzangu mmoja, aliyetafsiri katika ukumbi mwingine, aliitafsiri kauli hiyo neno kwa neno, na kwa muda mrefu wachuuzi wake waliamini kwamba kipa hodari Uingereza hulipwa kwa mashuka. Mama mmoja aliuliza kama ni ya pamba. Winga akimpita beki, wao husema amemwacha amekufa. Mwenzangu huyo akatangaza kifo, na benchi la nyuma likaanza kufanya ishara ya msalaba mpaka marehemu alipoonekana akirusha mpira. Mimi sikufanya makosa hayo. Sisemi hivyo kwa majivuno. Nasema ili mjue kwamba usahihi wote niliokuwa nao haukunisaidia siku niliyouhitaji.

Katika michezo yote niliyoitafsiri, ukumbi ulipenda kuliko yote lile kombe kongwe la Waingereza la mtoano. Humo hakuna pointi wala hesabu za mwisho wa mwaka. Majina ya timu huokotwa bakulini, za matajiri na za mafundi bomba kwa pamoja, na anayefungwa huenda nyumbani. Na kwa miaka mingi sheria yake ilikuwa na wema mmoja ndani. Timu mbili zikilingana, mchezo ulirudiwa siku nyingine, kwenye uwanja wa yule aliyekuwa mgeni. Kwa hiyo timu ndogo iliyokwenda kwa wakubwa na kulinda lango lake mpaka filimbi ya mwisho ilipata haki ya ajabu: wakubwa walilazimika kupanda basi na kuja kukanyaga tope lake.

Filimbi ya namna hiyo ilipolia, nilitangaza: "Ni marudio!" Ukumbi uliipenda kauli hiyo kiasi cha kuichukua na kuondoka nayo. Baada ya muda, marudio halikuwa tena jina la mchezo wa pili, bali jina la sare yenyewe. Watoto waliocheza mpira wa majani ya migomba walisema wamefanya marudio, wakimaanisha kwamba wamefungana bao moja kwa moja na hawatarudia kitu. Kura za kamati ya soko zilipolingana, mzee mmoja alitangaza kwa uzito kwamba ni marudio. Neno lilikuwa limehama nyumba, nasi tuliendelea kulisalimu kana kwamba lingali linakaa palepale.

Kisha ukaja msimu ambao Waingereza waliyafuta marudio. Ratiba imejaa, walisema, wachezaji wanachoka. Timu zikilingana zitaongezewa muda, kisha penalti, na yote yatakwisha siku ileile. Nililisoma tangazo hilo kwa makini, nikalieleza ukumbini kabla ya mechi ya kwanza ya kombe. Bosco, mwendesha moto wa Gashonga ambaye alinyamaza usingizini tu, akainua mkono kama mwanafunzi.

"Sasa Mwalimu, marudio tutaiita namna gani?"

"Tutaiita sare."

"Sare ni nguo ya batoto ba masomo," akasema. "Mupira haivalake sare."

Watu wakacheka, na neno likabaki pale lilipokuwa.

Msimu huohuo ndipo Maman Patient alipoanza kuja. Alikuwa mchuuzi wa vitenge kutoka Bukavu, mjane, na huyo Patient aliyempa jina alikuwa mwanawe wa pekee. Kijana alikuwa ameondoka miaka kadhaa nyuma na kufika Uingereza kwa njia ambazo hakumsimulia mama yake. Huko alipata kazi kwenye timu ndogo ya mpira: kukata majani ya uwanja, kuchora mistari myeupe, na wakati wa mapumziko kuingia na uma mrefu wa bustani kuyaziba mashimo yaliyochimbwa na viatu. Hayo alimwambia mama yake kwa simu. Akamwambia pia: "Maman, siku bataonyesha uwanja yetu ku televizyo, uangalie bale benye kuchoma-choma udongo. Mwenye kofia ya rouge, njo miye." Baada ya simu hiyo namba yake haikupatikana tena. Haikupatikana mwezi uliofuata, wala Krismasi, wala Krismasi nyingine. Hakuna ndugu, jirani wala padri aliyeweza kumwambia mama huyu kama mwanawe yu hai.

Basi hakuja ukumbini kwa ajili ya mpira. Alikuja kwa ajili ya majani. Kuuona uwanja ule, na mtu mwenye kofia nyekundu akiinama juu yake: hilo tu ndilo alilolitaka duniani, na alilitaka kwa nguvu iliyonitia hofu.

Raundi za mwanzo hazionyeshwi; timu zake ni ndogo mno. Nilifuatilia matokeo kwenye simu na kumpelekea sokoni. Timu ya Patient, kama ukumbi ulivyoiita, ilishinda, ikashinda tena. Kila mara Maman Patient aliniuliza swali moja.

"Uwanja ilionekana?"

"Hapana, Maman. Hii hawakuionyesha."

"Sawa. Mungu abasaidie bashinde, basonge mbele."

Wakasonga. Majina yalipookotwa tena bakulini, timu ya Patient ilipewa moja ya timu kubwa kabisa. Mechi ingeonyeshwa dunia nzima. Lakini ingechezwa kwa wakubwa, si kwao. Nilipomweleza hilo ukumbini, aliketi kwenye benchi na kuufunika mdomo wake kwa ncha ya kitenge. Ndipo Bosco, ambaye chini ya mzaha wake ana moyo mwema, akamfariji.

"Usilie, Maman Patient. Bale badogo bataziba tu nyuma. Itakwisha marudio."

Alitaka kusema sare. Lilikuwa neno la ukumbi na hakuna aliyelipima. Lakini mama huyu hakuwa mtu wa ukumbi. Alilisikia neno lenyewe.

"Marudio? Barudie ku nani?"

Bosco aliikumbuka sheria ya zamani kuliko maelezo yangu. "Ku babo, ku badogo. Njo ilikuwaka vile."

Uso wa Maman Patient ukafunguka. Nilisema papo hapo, kwa sauti, kwamba sheria hiyo imefutwa, lakini watu walikuwa wamekwisha kuanza kubishana juu ya mabeki. Siku ya soko iliyofuata nilimwendea kwenye meza yake. Nilitaka kuliweka jambo hili wazi, kama nilivyofunzwa.

"Maman, hakuna marudio tena. Waliyafuta."

"Banafuta lini?"

"Mwanzo wa msimu huu."

"Lakini bantu bote banasema marudio. Bosco anasema. Batoto banasema. Weye mwenyewe, Mwalimu, nilikusikia."

"Tunasema neno tu, Maman. Maana yake ni kwamba wamelingana. Hakuna kinachorudi."

Alikunja kitenge alichokuwa ameshika, akakikunjua, akakikunja tena. "Mwalimu, muntu anaweza kusema neno bila kitu ndani?"

Nilikuwa na jibu la sarufi. Sikulitoa. Nilirudia tu kwamba marudio yamefutwa, naye akanishukuru kwa upole, kama mtu anavyomshukuru daktari asiyekusudia kwenda tena kwake.

Mechi ilikuwa Jumamosi, ile inayoanza mapema mchana. Maman Patient alivuka mpaka pamoja na wanawake wa kikundi chake cha sala, wakajaza benchi la mbele. Walikuwa wamefunga tangu asubuhi. Kwa miaka yote niliyofanya kazi ile niliona watu wakisali ili timu fulani ishinde. Sikuwahi kuona watu wakisali ili isishinde yoyote.

"Maman Patient," Bosco akaanza kutoka nyuma, "mutoto yako anakataka majani ao anakulaka?"

"Anakataka," akajibu bila kugeuka. "Kukula, njo weye, mbuzi."

Ukumbi ukaanguka kwa kicheko, naye akacheka pamoja nao. Nawaambia hilo kwa sababu ndicho kicheko chake cha mwisho nilichokisikia.

Wakubwa walifunga mapema. Kisha badogo wakafanya kile ambacho timu ndogo hufanya katika kombe hilo, na ambacho hakuna mtangazaji aliyepata kukieleza vizuri: wakakataa kufa. Walizuia kwa magoti, kwa vichwa, kwa migongo. Nilitafsiri nusu sentensi nyuma, sauti ikinikauka. Na muda ulipokuwa unayoyoma, mpira mrefu ukamgonga mtu begani, ukaingia. Bao moja kwa moja. Filimbi ikalia.

"Marudio!" Ukumbi mzima ukalipuka. "Marudio! Marudio!"

Walimaanisha sare. Maman Patient aliinuka, mikono juu, akaanza kuzunguka. "Banakuja ku mutoto yangu! Yezu wangu, banakuja ku mutoto yangu!" Wanawake wa sala wakapiga vigelegele, mmoja akaanza wimbo. Akaagiza jus, juisi ya chupa, kwa benchi zima. Mwingereza, kwa utulivu wake wa kawaida, akasema kwamba sasa nusu saa inaongezwa. Nikatafsiri. Sijui nani alinisikia. Nikatafsiri tena, polepole, neno baada ya neno: nusu saa inaongezwa, leo, hapahapa. Wazoefu wakaketi. Yeye aliendelea kucheza peke yake mbele ya kioo, mpaka alipowaona wachezaji wakirudi katikati.

Akasimama. Akanitazama.

"Mwalimu, sasa banarudia?"

"Wanaendelea, Maman."

"Njo marudio hii? Na uwanja ni ile ile?"

Bosco alisema kwa sauti ndogo, "Maman, ikala tu," akasogea kumpa nafasi ubavuni mwake. Hakuketi. Aliitazama ile nusu saa akiwa amesimama, huku chupa ya jus isiyofunguliwa ikiwa mkononi, na nadhani ni katika nusu saa hiyo alipoelewa yote niliyomweleza sokoni. Bao halikuja. Wakaenda kwenye penalti. Nilizitafsiri moja baada ya nyingine kwa usahihi kamili: nani anapiga, mguu gani, upande gani. Ya mwisho ya badogo ilipaa juu ya mwamba. Wachezaji wao wakalala juu ya majani, na majani yale yalikuwa ya wengine, yamekatwa na mikono mingine.

Watu wakaanza kutoka. Mwanamke mmoja wa sala akamgusa bega: "Tuende, Maman Patient. Batafunga mupaka." Hakumsikia. Alinijia pale ubavuni mwa kioo, akasimama karibu kuliko adabu inavyoruhusu.

"Mwalimu. Weye unajua luga yabo. Ubaambie."

"Niwaambie nini, Maman?"

"Barudie. Ku babo. Mara moja tu. Ata kama batafungwa kumi, haina neno. Barudie tu."

Vijana, kwa miaka yote ile watu waliniona nikisimama kando ya Waingereza, maikrofoni mdomoni, mdomo wangu ukifunguka wao wanapovuta pumzi. Haikunijia hata siku moja kwamba mtu angeweza kudhani maneno yanakwenda pande zote mbili. Sijui mpaka leo kama aliamini hivyo kweli. Huenda alijua kama ninavyojua mimi. Huenda hakuwa tu na mwingine wa kumwomba. Nilianza kumweleza jinsi picha inavyosafiri, setilaiti, waya, na nikasikia sauti yangu ikieleza kwa ufasaha, kiima na kitenzi mahali pake, nikaona aibu, nikaacha.

Waliobaki ukumbini walikuwa wanatutazama. Hakuna aliyecheka. Bosco alikuwa amevua kofia yake ngumu ya pikipiki na kuishika kifuani.

Nikakigeukia kioo. Nikainua maikrofoni na kusema kwa Kiingereza, kile nilichofunzwa, bila kosa: kwamba yuko hapa Kamembe mama wa kijana anayetunza uwanja wa timu iliyotolewa, kwamba hajui kama mwanawe yu hai, kwamba anawaomba, kwa heshima, wakubali mchezo urudiwe kule, hata kama hautahesabiwa. Niliisema sentensi hiyo mpaka mwisho wake. Sauti yangu ilitoka kwenye spika za ukumbi, ikagonga ukuta wa nyuma, ikarudi kwetu.

Alingoja kidogo, kisha akauliza:

"Banajibu nini?"

Kioo kilikuwa kinaonyesha tangazo la rangi za nyumba. Mwanamume mmoja alikuwa anapaka ukuta, akitabasamu.

"Hawajajibu, Maman."

Akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyepewa habari inayoingia akilini. Akarudi kwenye benchi la mbele, akaketi, akaiweka chupa miguuni pake.

"Sawa," akasema. "Tungoje."

Mwenye ukumbi akaja na funguo ili azime televisheni na kufunga. Nilimwomba aiache ikiwaka kwanza.